Ubia Katika Afya: Lindo Lisiachwe Tupu

Askari anayepita Masoro, katika Sekta ya Ndera hapa Kigali, huona viwanda kushoto na kulia, maana hilo ndilo Eneo Maalumu la Kiuchumi. Miongoni mwa majengo hayo limo moja lililotajwa duniani kote. Tarehe 23 Juni 2022 kampuni ya Kijerumani BioNTech iliweka hapo jiwe la msingi la kiwanda cha chanjo za mRNA, na tarehe 18 Desemba 2023 ikafanyika sherehe ya uzinduzi mbele ya Rais Kagame. Vyumba vya kutengenezea chanjo vilikuja vikiwa makontena kutoka Ulaya, ya kwanza yakiwasili Machi 2023. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, hapo hapo Masoro kilizinduliwa kituo cha IRCAD Africa, ambako madaktari hufundishwa kupasua kwa tundu dogo badala ya kufungua tumbo zima.

Sababu ya kiwanda hicho haikusahaulika. Machi 2021, ugonjwa wa Korona ukiwa umepamba moto, India ilizuia chanjo zake zisitoke nje, nayo mataifa ya Afrika yaliyokuwa yakizitegemea yakaachwa yakisubiri. Kwa hiyo sisi hatumo miongoni mwa wale ambao wakisikia neno "kampuni binafsi" hudhani papo hapo kwamba mgonjwa atapigwa mnada. Serikali peke yake isingeweza kuupata ujuzi ule kwa muda mfupi namna ile.

Wala jambo lenyewe si geni. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, jirani na Masoro, ilianzishwa mwaka 1968 na shirika la mabradha kwa makubaliano na Serikali. Na mwenye sare asidhani kwamba ubia ni habari za raia tu. Bima yetu ya matibabu, MMI, iliwekwa kwa sheria mwaka 2005, na kadi yake hupokewa hata katika maduka ya dawa ya watu binafsi. Mke wa koplo anayenunua dawa ya mtoto usiku dukani ameshaingia katika ubia huo, ajue asijue.

Swali letu basi si kama kampuni ziingie au zisiingie. Swali ni lile ambalo kila kuruta hufundishwa wiki ya kwanza: anayeondoka lindoni anapokewa na nani?

Tuchukue mfano wa ndege zisizo na rubani. Tangu Oktoba 2016 kampuni ya Kimarekani Zipline imekuwa ikirusha damu kutoka kituo chake cha Muhanga, na baadaye pia kutoka Kayonza, kwenda hospitali za vilimani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulionyesha kwamba upotevu wa damu iliyopitwa na muda ulipungua kwa asilimia 67. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini tazama mpango wake ulivyo. Damu hutolewa na wananchi, askari wakiwamo, nayo hukusanywa na kupimwa na taasisi ya Serikali. Kampuni huitunza na kuifikisha. Siku ikifunga virago, damu ingalipo na barabara ingalipo. Tutarudi kwenye gari, tutachelewa, ila hatutakuwa mikono mitupu.

Mfano wa pili hauna furaha hiyo. Mwaka 2016 iliingia nchini huduma ya Babyl, ambayo ilimwezesha mwananchi kuzungumza na muuguzi au daktari kwa simu ya mkononi. Zaidi ya watu milioni 2 walijiandikisha. Machi 2020 ukatiwa saini mkataba wa miaka 10 na Serikali, mituweli ikabeba gharama. Mwaka 2023 kampuni mama ya London, Babylon, ikaanguka kifedha, na huduma ya Kigali ikafungwa. Wauguzi waliokuwa wakipokea simu hawakuwa wameharibu neno. Kilichoanguka ni hesabu za mbali, zisizojua hata Ndera iko wapi. Mkataba wa miaka 10 haukumaliza wa 4, na mkulima aliyezoea kubonyeza simu yake akarudi kwenye foleni. Hatusemi kwamba mkataba ule ulikuwa kosa. Tunasema kwamba mwenzi anaweza kufa, na aliyeandika mkataba hana budi kuyaandika na mazishi.

Hata hivyo kiwanda na ndege si mambo yanayotusumbua zaidi. Kinachotusumbua ni kile kijumba cha vyumba vichache kilicho mlimani kwa wazazi wetu, ambacho kwa Kinyarwanda huitwa ivuriro ry'ibanze, yaani kituo kidogo cha afya cha akagari. Nchi ina zaidi ya 1,000 vya namna hiyo. Tangu mwaka 2012 vingi vimeendeshwa kwa ubia: wananchi au wilaya hutoa jengo, muuguzi huingia kama mwendeshaji binafsi, akanunua dawa kwa fedha zake au kwa mkopo, akatibu, kisha akaidai mituweli. Kwa mama mwenye mtoto mwenye homa, faida yake ni kutembea dakika chache mahali pa saa nzima. Kwa jeshi na polisi, vituo hivi vina jambo la ziada: katika kampeni zetu za maendeleo baadhi ya majengo hayo tumeyajenga kwa mikono yetu wenyewe.

Basi inauma kuona kufuli mlangoni. Muuguzi ametibu, ameandika, amepeleka madai yake, na malipo yanakawia. Mwenye duka la dawa hamkopeshi tena. Anafungua siku tatu kwa wiki, halafu mbili, halafu anatafuta kazi mjini. Wengine humlaumu kwamba ni mfanyabiashara tu, na kwamba ataandika dawa nyingi ili apate nyingi. Hofu hiyo si ya bure, na ndiyo maana kituo kikubwa cha afya kinapaswa kumkagua bila kumwonea haya. Lakini mtu aliyekuwa akilipwa kwa bei zilizowekwa mwaka 2017, huku bei ya dawa na usafiri ikipanda kila mwaka, haikuwa haki kumwita mlafi. Ilikuwa vyema Baraza la Mawaziri lilipopitisha bei mpya Januari 2025. Kuchelewa kwake ndiko kulikokuwa na gharama, na gharama hiyo haikubebwa na ofisi.

Baba wa sajini huko kijijini hana kadi ya MMI. Kwa miaka mingi mchango wake wa mituweli ulikuwa faranga 3,000 kwa mwaka, na anaulipa kabla hajaugua. Yeye ametimiza upande wake wa ubia, tena mapema kuliko wote. Anapofika kwenye kituo akakuta kufuli, haulizi kama kosa ni la muuguzi, la wilaya au la bima. Anajua tu kwamba Serikali haipo. Na mwanawe, aliye kazini mbali na nyumbani, akipigiwa simu ya namna hiyo usiku, akili yake haiwi tena kwenye kazi aliyopewa.

Tungependa basi kila mkataba wa afya useme waziwazi daftari la wagonjwa ni la nani mwenzi akiondoka, na muuguzi alipwe katika siku zinazohesabika. Kwa upande wetu lipo lililo ndani ya uwezo wetu. Kampeni ijayo, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, afisa anayesimamia ujenzi aulize wilaya mambo matatu: muuguzi atakayeingia hapa ni nani, atalipwa baada ya siku ngapi, na akiondoka nani anapokea funguo. Jibu lisipopatikana, saruji ingoje ghalani.