Tarehe ya Kuhuisha Medicaid Iandikwe Kando ya Shinikizo la Damu

Mgonjwa wa kisukari anayekosa insulini kwa wiki mbili huandikwa katika faili lake kuwa hafuati masharti ya dawa. Aghalabu faili hilo halisemi kwamba dawa ilikataliwa dirishani kwa mfamasia kwa sababu bima ilikuwa imesitishwa, wala kwamba bima ilisitishwa kwa sababu fomu moja ilitumwa kwenye nyumba aliyokwisha kuihama. Nchini Marekani, ambako mamilioni ya watu wa kipato cha chini hutibiwa kwa bima ya umma iitwayo Medicaid, kisa cha namna hii si cha ajabu. Hoja ya makala haya ni kwamba taarifa za mabadiliko ya bima ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwamba kliniki inayowahudumia wanachama wa Medicaid inapaswa kuzifuatilia kwa utaratibu uleule inaoutumia kufuatilia majibu ya maabara.

Bima moja, majina mengi

Medicaid ilianzishwa mwaka 1965, pamoja na Medicare, kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson. Medicare huwalenga hasa wazee wa miaka 65 na zaidi. Medicaid huwalenga watu wenye kipato kidogo, wakiwamo watoto, wajawazito na watu wenye ulemavu. Gharama zake hubebwa kwa pamoja na serikali kuu na serikali za majimbo, na kila jimbo hujiwekea kanuni ndani ya mipaka ya sheria ya taifa. Ndiyo maana bima hiyohiyo huitwa Medi-Cal huko California, TennCare huko Tennessee, MaineCare huko Maine na Apple Health katika jimbo la Washington.

Juu ya jina hilo huongezeka la pili. Takriban robo tatu ya wanachama wa Medicaid wamo katika mipango ya afya inayoendeshwa na kampuni au mashirika yenye mkataba na jimbo. Jimbo huulipa mpango kiasi maalumu kila mwezi kwa kila mwanachama, nao mpango huzilipa kliniki, hospitali na maduka ya dawa. Mgonjwa hubeba kadi yenye jina la mpango, ilhali barua ya kuhuisha bima hutoka jimboni ikiwa na jina jingine. Akiulizwa mapokezi kama ana Medicaid, anaweza kujibu "hapana" kwa nia njema kabisa.

Kwa upande wake, kliniki hupokea taarifa za mara kwa mara kutoka kwa kila mpango: dawa zilizoongezwa au kuondolewa kwenye orodha, huduma zinazohitaji idhini ya awali, mabadiliko katika uwasilishaji wa madai ya malipo, na namba za simu za waratibu wa huduma. Kliniki yenye mikataba na mipango minne hupokea taarifa za aina nne zisizofanana. Nyingi huishia kwenye meza ya mhusika wa madai, na hapo ndipo kasoro inapoanzia, kwani taarifa inayomhusu mgonjwa husomwa kama taarifa ya fedha peke yake.

Kuondolewa si kukosa sifa

Wakati wa janga la UVIKO-19, majimbo yalipewa fedha za nyongeza kwa sharti la kutowaondoa wanachama wa Medicaid. Sharti hilo lilikoma tarehe 31 Machi 2023. Katika uhakiki uliofuata, zaidi ya watu milioni 25 waliondolewa. Kwa mujibu wa uchambuzi wa taasisi ya KFF, takriban asilimia 69 yao waliondolewa kwa sababu za kiutaratibu: fomu haikurudishwa, karatasi ilikosekana, au mhusika hakupatikana. Huenda baadhi yao hawakustahiki tena, lakini jambo hilo halikuthibitishwa.

Funzo hilo halikuwa jipya. Mwaka 2018 jimbo la Arkansas liliwataka baadhi ya wanachama kuripoti saa zao za kazi. Ndani ya miezi michache, zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima, hadi mahakama iliposimamisha utaratibu huo mwezi Machi 2019.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaurudisha utaratibu wa aina hiyo kwa kiwango cha taifa. Watu wazima waliopata Medicaid kupitia upanuzi ulioletwa na sheria ya mwaka 2010 watahakikiwa kila baada ya miezi sita badala ya mara moja kwa mwaka, kuanzia mwisho wa mwaka 2026. Aidha, ifikapo Januari 2027, wengi wao wenye umri wa miaka 19 hadi 64 watatakiwa kuthibitisha saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au huduma za kujitolea. Sheria inawasamehe, miongoni mwa wengine, wajawazito, wazazi wanaolea watoto wa miaka 13 au chini ya hapo, na watu wenye maradhi mazito. Msamaha huu wa mwisho unategemea kwa kiasi kikubwa maelezo yaliyomo katika kumbukumbu za tabibu. Ugonjwa usioandikwa kikamilifu unaweza kumgharimu mgonjwa bima yake.

Sheria hiyohiyo inawagusa wasemaji wengi wa Kiswahili moja kwa moja. Katika mwaka wa fedha wa 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na wengi wa Wakongo hao hutoka katika maeneo ya mashariki yanayozungumza Kiswahili. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, hadhi ya ukimbizi au ya hifadhi peke yake haitatosha tena kumpa mtu mzima Medicaid inayogharimiwa na serikali kuu. Kundi kubwa linalobaki ni la wageni wenye ukaazi wa kudumu. Majimbo yaliyochagua kuwahudumia watoto na wajawazito waliopo nchini kihalali yanaweza kuendelea kufanya hivyo. Kwa familia iliyofika karibuni, maombi ya kadi ya ukaazi, ambayo mkimbizi huyawasilisha baada ya kuishi nchini mwaka mmoja, yamekuwa suala la afya.

Mzigo wa kliniki

Wapo watakaosema kwamba kazi hii si ya tabibu. Pingamizi hilo lina uzito. Kwa jumla Medicaid huwalipa madaktari chini ya viwango vya Medicare, wahudumu ni wachache, na muda wa kumwona mgonjwa mmoja umebanwa. Kuongeza jukumu bila kuongeza mikono ni kuwaonea wahudumu.

Hata hivyo, mzigo huo tayari upo; kinachobadilika ni saa ya kuubeba. Mgonjwa aliyepoteza bima hurudi akiwa na sukari iliyopanda, madai yake hukataliwa, na mhudumu hutumia saa nzima kwenye simu kutafuta kilichoharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Isitoshe, kliniki haiko peke yake. Mpango wa afya hulipwa kwa idadi ya wanachama wake, hivyo hupoteza mapato kila mmoja anapoondolewa. Ndiyo sababu mipango mingi ina waratibu wa huduma, wahudumu wa simu na, pale jimbo linaporuhusu, orodha za wanachama ambao tarehe zao za uhakiki zinakaribia. Usafiri wa kwenda kwenye miadi ya matibabu pia ni haki ya mwanachama asiye na njia nyingine, ingawa wagonjwa wengi hawajawahi kuelezwa hivyo. Rasilimali hizi zimekwisha kulipiwa, na kliniki isiyoziomba huziacha zipotee.

Mambo manne yanayowezekana

Kwanza, mtu mmoja katika kliniki apewe jukumu la kusoma taarifa za mipango yote na kuzigeuza kuwa ukurasa mmoja kila mwezi kwa ajili ya wauguzi, madaktari na mapokezi. Ukurasa huo ujibu maswali matatu tu: nini kimebadilika, kinamhusu mgonjwa yupi, na nani afanye nini.

Pili, anwani na namba ya simu zihakikiwe katika kila ziara, na tarehe ya kuhuisha bima iandikwe mahali ambapo tabibu anaona uzito na shinikizo la damu. Mgonjwa aelezwe kwamba kubadilisha anwani kliniki hakumaanishi kwamba jimbo limepata habari; ni lazima jimbo nalo liarifiwe.

Tatu, mihula ya kisheria ijulikane na kila mhudumu. Jimbo linatakiwa kwanza kujaribu kuhuisha bima kwa kutumia taarifa lilizonazo, kabla ya kumtaka mwanachama ajaze fomu. Fomu ikitumwa, wengi wa wanachama hupewa angalau siku 30 kuirudisha. Bima ikisitishwa kwa sababu fomu haikurudishwa, mgonjwa ana siku 90 za kuiwasilisha bila kuanza maombi upya. Mpango ukikataa huduma, mwanachama ana siku 60 tangu tarehe ya barua kupinga uamuzi ndani ya mpango. Akishindwa hapo, anaweza kuomba kusikilizwa na jimbo. Ikiwa huduma aliyokuwa akiipata inakatizwa, kwa kawaida hutakiwa kuomba iendelee ndani ya siku 10 tangu barua ilipotumwa. Muda huu wa siku 10 ndio unaowaponyoka wagonjwa wengi, na akiupitisha anaweza kukosa huduma muda wote shauri linapoendelea.

Nne, taarifa kuhusu uhamiaji na bima zitolewe kwa wagonjwa wote kwa usawa, kwa karatasi na kwa maneno, bila kumlazimisha yeyote kutaja hadhi yake mapokezi. Anayehitaji ushauri wa sheria aelekezwe kwa shirika la wakimbizi au wakili anayeaminika. Asiyestahiki Medicaid aambiwe pia kwamba idara za dharura za hospitali zinalazimika kisheria kumpima na kumtuliza mwenye hali ya hatari, na kwamba vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu hutoza kulingana na kipato.

Lugha inayofika

Kanuni za Medicaid huitaka mipango kutafsiri maandishi katika lugha zenye wasemaji wengi jimboni, jambo linaloweza kukiacha Kiswahili nje ya orodha. Lakini ukalimani wa mdomo hauna mpaka huo, kwani hutolewa bure kwa lugha yoyote. Mgonjwa anapoomba mkalimani hajaomba fadhila. Kumtumia mtoto aliyetoka shuleni amfasirie mama yake barua ya kusitishwa kwa bima hakufai. Ni kumtwika mtoto mzigo wa watu wazima, na ni kuhatarisha usahihi wa jambo lenyewe.

Hata pale tafsiri ya Kiswahili ipo, haifai kudhaniwa kwamba imefika. Neno "kuhuisha", lililozoeleka katika ofisi za Dar es Salaam, linaweza kuwa geni kwa mtu aliyekulia Uvira au Kalemie. Huenda akaelewa upesi akiambiwa "kufanya upya karatasi za bima". "Rufaa" nalo ni neno la hatari, kwa kuwa humaanisha kupelekwa hospitali kubwa na pia kupinga uamuzi. Mipango inayotayarisha barua kwa Kiswahili ingefanya vyema kuzisoma kwa sauti mbele ya wanachama wenyewe, kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, kabla ya kuzichapisha.

Wajibu wa mgonjwa na wa wenye mamlaka

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kila bahasha yenye jina la jimbo au la mpango ifunguliwe siku ileile, na isiyoeleweka iletwe kliniki pamoja na dawa. Nakala za fomu zitunzwe. Namba ya simu iliyo nyuma ya kadi itumike, na neno la kwanza la kutamka kwenye simu hiyo ni "Swahili", ili mkalimani aunganishwe.

Pamoja na hayo, haifai wajibu huu utumike kuwavua lawama walioandika fomu hizo. Jimbo linalotuma barua ya kurasa nyingi kwa lugha asiyoisoma mpokeaji, kisha likahesabu ukimya wake kama jibu, halijathibitisha chochote kuhusu kipato chake. Na mpango unaojivunia kutuma taarifa kwa kliniki zote uulizwe swali jingine: je, ni wanachama wangapi waliondolewa mwezi uliopita kwa kukosa fomu, na wangapi kati yao walipigiwa simu kabla ya siku ya mwisho? Kliniki zina haki ya kuuliza swali hilo katika kila kikao na mwakilishi wa mpango, na kuendelea kuliuliza hadi lijibiwe kwa tarakimu.