Mungu Hana Mzazi, Ajali Ina Chanzo

Salgaa ni kituo cha malori kilicho kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Malori yanayobeba shehena kutoka Mombasa kwenda Uganda na nchi zilizo mbele yake hupumzika hapo, na madereva hutafuta chakula na malazi. Penye wasafiri wengi hapakosi wahubiri, na mtoto anayekulia mahali kama hapo husikia jina la Mungu asubuhi shuleni, mchana sokoni na usiku nyumbani. Si ajabu basi mtoto huyo, akisha kufundishwa kwamba Mungu ndiye aliyeumba mbingu na nchi, akamgeukia mamaye na kuuliza: "Na Mungu naye, alizaliwa na nani?"

Jibu alipatalo aghalabu ni kemeo. Huambiwa anyamaze, asikufuru, mambo ya Mungu hayaulizwi. Makala hii inadai kuwa kemeo hilo lina madhara mawili. Kwanza, linamnyima mtoto jibu ambalo lugha na dini za watu wake zinalo tangu kale. Pili, linamzoesha kuacha kutafuta chanzo cha mambo, na mazoea hayo, kwenye barabara kama ile ya Salgaa, hulipiwa kwa damu.

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Katika jamii za Afrika Mashariki mtu hajulikani kwa jina lake pekee. Mgeni akibisha hodi huulizwa ni mtoto wa nani, ni wa ukoo gani, ametoka wapi. Mtoto anayeuliza mzazi wa Mungu hajamtukana Mungu, bali anataka kumfahamu kwa njia ile ile aliyofunzwa kuwafahamu watu. Wazee nao hawakuliogopa swali hilo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya (1938), anaeleza kuwa Wagikuyu walimwamini Ngai asiye na baba, wala mama, wala mwenzi wa aina yoyote. Mtu hakanushi jambo ambalo halijaulizwa. Ukanushaji huo ni ushahidi kwamba swali la mtoto wa Salgaa liliwahi kuulizwa kando ya moto wa jioni, likapewa jibu la heshima.

Jina Ngai lenyewe linahusishwa na Enkai la Wamaasai, ambalo katika sarufi ya Kimaa ni la jinsia ya kike na hubeba pia maana ya mvua na mbingu. Wakalenjin walimwita Asis, jina lenye uhusiano na jua, na vilevile Cheptalel, jina lenye kiambishi kinachotumika katika majina ya wanawake. Kiswahili nacho kina yake. Nomino Mungu huchukua upatanisho wa viumbe hai, yaani Mungu amesema, Mungu ametenda. Lakini wingi wake ni miungu, kwa umbo lile lile la miti na mito. Kila lugha imelazimika kumtafutia Mungu mahali katika sarufi yake, na katika kila lugha mahali hapo pana dalili ya kubana.

Dini mbili zilizoenea zaidi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili hazikulikwepa swali hili pia. Katika Uislamu, Surat Ikhlas, sura fupi ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mapema, inakana kabisa kwamba Mungu huzaa au amezaliwa. Katika Ukristo, Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 uliidhinisha Maria aitwe Mzazi wa Mungu, jina ambalo Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, alikuwa amelipinga. Walioliidhinisha hawakumaanisha kuwa Uungu ulianzia tumboni mwa Maria, bali kwamba yule aliyemzaa ni Mungu aliyetwaa ubinadamu. Kwa hiyo mtoto wa Kikatoliki anayesali rozari akitaja Mama wa Mungu, kisha akauliza ilikuwaje Mungu akawa na mama, anauliza jambo lililowakutanisha maaskofu zaidi ya karne kumi na tano zilizopita. Hastahili kofi.

Swali lenyewe, hata hivyo, linahitaji uangalifu wa lugha. Okot p'Bitek, katika African Religions in Western Scholarship (1970), anasimulia jinsi wamisionari wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha ya wazee hao haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoikusudia wamisionari, swali liligeuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee walijibu kuwa watu huzaliwa na mama zao. Waliposhikiliwa watoe jibu, walimtaja Rubanga, nguvu iliyoaminiwa kuukunja mgongo wa mtu hadi akawa na kibyongo. Wamisionari wakalichukua jina hilo, wakalifanya jina la Muumba. Neno moja lililotafsiriwa kwa haraka lilitosha kuwapa watu Mungu mwenye jina la maradhi.

Kiswahili, kwa bahati njema, kinatofautisha kuzaa na kuumba, na katika tofauti hiyo ndimo jibu la mtoto linamoweza kutafutwa. Kutokana na umba hupatikana kiumbe na Muumba. Kusema kila kiumbe kina Muumba si sawa na kusema kila kilichopo kina muumba. Kauli ya kwanza inaacha nafasi ya Asiyeumbwa. Ya pili haiachi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alijenga hoja yake juu ya tofauti ya namna hii: kinachohitaji chanzo ni kile kilichoanza kuwapo. Wapo wasioridhika. John Stuart Mill anaeleza katika tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 1873, kwamba babaye alimfundisha kuwa swali la nani alituumba huzaa papo hapo swali la nani alimuumba Mungu. Bertrand Russell, katika mhadhara wake wa mwaka 1927, aliongeza kuwa ikiwa kitu kinaweza kuwapo bila chanzo, basi ulimwengu wenyewe unaweza kuwa ndicho kitu hicho. Msomaji ana hiari ya kuchagua upande. Ila anayesema Mungu hana chanzo hana budi kufahamu alichosema: kwamba Mungu si pingu mojawapo katika mnyororo wa vyanzo, wa kwanza kwenye foleni ambayo nyuma yake wamesimama mvua, moto na breki za lori.

Hapa ndipo barabara ya Salgaa inapoingia katika mjadala. Mteremko unaotoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa umeua watu wengi. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakusanyika kuteka petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakapoteza maisha. Baada ya misiba ya aina hii, kauli mbili husikika matangani kote nchini: kazi ya Mungu haina makosa, na ajali haina kinga.

Kauli hizo zinatamkwa kwa unyenyekevu, na si haki kumdhihaki mfiwa anayezishikilia usiku wa kwanza wa msiba. Faraja ni dawa, nayo ina wakati wake. Lakini zikisemwa na wenye dhamana, au zikiendelea kusemwa mwaka mzima baada ya mazishi, zinamshusha Mungu. Zinamtoa mahali pa Asiye na chanzo, zinampanga foleni pamoja na dereva aliyeachia lori lishuke gia ikiwa huru ili abane mafuta, na umaskini uliomtuma mtu kukimbilia petroli na mtungi. Mungu aliyepangwa hapo ana kila sababu ya kuulizwa mzazi wake, maana amefanywa chanzo miongoni mwa vyanzo. Mkemeaji wa mtoto, pasipo kujua, ndiye aliyelipa swali hilo nguvu.

Mwaka 2018 kizuizi cha zege kiliwekwa katikati ya barabara kwenye kipande hicho, ili magari ya pande mbili yasigongane ana kwa ana. Zege halikumaliza ajali zote, lakini linakanusha methali kwa vitendo: ipo ajali yenye kinga. Kinga hiyo ilipatikana kwa sababu kuna waliokataa kuishia kwenye mapenzi ya Mungu, wakauliza vifo vinatoka wapi.

Somo hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja. Darasani husomwa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, na Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya, riwaya zinazothubutu kuyagusa maswali ya Mungu, imani na ukanaji. Mara nyingi husomwa kwa ajili ya mtihani: mbinu za uandishi zinaorodheshwa, swali lenyewe linapitwa kimyakimya. Mhitimu wa masomo hayo ndiye atakayekuwa mwalimu wa yule mtoto wa Salgaa. Akiulizwa Mungu alizaliwa na nani, na aeleze tofauti ya kuzaa na kuumba, ataje walivyojibu Wagikuyu, Waislamu na Wakristo, asiwafiche wale wasioamini. Kisha amwambie mtoto kwamba wanaomwamini Mungu husema hana mzazi, na kwamba lori lililoanguka jana lina chanzo. Swali la kwanza mtoto huyo ataishi nalo hadi uzeeni. La pili linahitaji jibu kabla lori jingine halijaanza kuteremka.