Kuiga sura ya aplikasio: sheria inafika wapi?

Kijana wa Likasi mwenye kujifunza kutengeneza aplikasio anaweza kujiuliza: nikifanya kitu chenye kufanana na M-Pesa ao WhatsApp, njo nimeiba?

Ulizo hilo ni la zamani. Mwaka 1988, Apple ya Marekani ilishitaki Microsoft: madirisha na picha za Windows zilifanana na za Macintosh. Apple ilitaja vitu 189. Mwaka 1994, tribinali ya rufaa iliipa Microsoft haki. Vingi vilikuwa ndani ya ruhusa ambayo Apple yenyewe ilitoa mwaka 1985, na wazo la kawaida mtu hawezi kulifunga peke yake. Mwaka 1995, Borland nayo ilishinda Lotus juu ya menyu. Majaji waliifananisha na butoni za mashine ya video.

Lakini hukumu za Marekani hazimfungi jaji wa kwetu. Hapa Kongo, ordonansi-sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mtungaji, na sheria ya tarehe 7 Januari 1982 inalinda alama za biashara.

Tena kuna mteja. Mama wa soko anayetambua huduma kwa rangi tu anaweza kuandika namba yake ya siri pasipo pake, na feza zinaenda. Hapo si kuiga tena, ni kudanganya.

Basi kijana, jifunze mpangilio wa wengine, lakini andika programu yako, chora picha zako, chagua jina na rangi zako. Na mbele ya kuuza, ona avoka.