Kiti cha Hukumu

Mtu hakalii kiti cha hakimu kwa siku moja. Kwanza ajifunze sheria katika chuo kikuu; kisha, huku kwetu Kongo, Rais humweka kazini kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu, kama Katiba ya mwaka 2006 inavyoagiza. Wakili naye aweza kupanda hata Mahakama ya Katiba, akiisha kupata ujuzi wa miaka 15.

Lakini elimu peke yake haitoshi. Tumtazame Marcel Lihau. Alisoma sheria Leuven, nchini Ubelgiji. Akasaidia kutunga Katiba ya mwaka 1964. Mwaka 1968 akawa mkuu wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1975 serikali ilitaka wanafunzi walioandamana wahukumiwe kwa ukali. Yeye akakataa, akaondolewa kazini.

Basi, enyi wazazi, mkimsomesha mwana sheria, mfundisheni pia kuchukia mlungula na kutomwogopa mwenye nguvu. Siku ya kujaribiwa, hakimu haupati ushujaa kitabuni; huutoa nyumbani alikolelewa.