Kabla ya Kununua Betri Ingine, Nunua Mita

Wasee, leo nitakosana na makanika kadhaa, lakini wacha niseme. Kuambiwa "hiyo betri imekufa" na mtu ambaye hajapima chochote si ushauri. Ni kamari, na pesa inayochezwa ni yako.

Mnajua vile huenda. Gari imekataa kuwaka asubuhi, boneti haijafunguka hata vizuri, na hukumu imeshatoka: nunua ingine. Unatoa maelfu ya shilingi, gari inawaka, unashukuru. Wiki mbili baadaye uko palepale, wewe na soja wa ploti mnasukuma. Ni kama bomba linavuja halafu wewe unaenda kununua tangi.

Jirani yangu anaendesha teksi. Alibadilisha betri mbili ndani ya miezi minne. Tulipopima, mwizi alikuwa alamu iliyoungwa ovyo chini ya dashibodi. Betri zote mbili hazikuwa na makosa. Na siku ambayo teksi haijawaka, nyumbani kwake hakuna kitu kimeingia. Hiyo ndiyo bei ya kubahatisha.

Mita ya kawaida ya kupima umeme iko Luthuli Avenue, na haifikii bei ya betri hata kwa mbali. Unanunua woofer ya kutetemesha mtaa mzima, unakosa pesa ya mita? Tuheshimiane.

Kazi yenyewe si ya chuo kikuu. Weka mita kwenye volti za DC, upime betri asubuhi kabla gari haijawashwa. Ikisoma volti 12.6 hivi, imejaa. Ikisoma karibu 12.0, imekauka. Sasa washa gari upime tena. Ukipata kati ya 13.5 na 14.5, alteneta inachaji. Ikibaki 12 na inazidi kushuka, wachana na betri, angalia alteneta na mkanda wake. Na angalia taminali pia: ule unga mweupe au wa kijani unaweza kukunyima moto hata kama betri ni mpya kabisa.

Kama chaji iko sawa lakini gari ikilala inaamka imekufa, kuna kitu kinakunywa usiku. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa negativu, hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, halafu unganisha mita kati ya ule waya na nguzo ya betri. Ngoja kama nusu saa, kompyuta za gari zilale. Usijaribu kuwasha gari hapo, stata itachoma mita yako.

Gari iliyolala vizuri hula chini ya ampea 0.05. Tuseme yako inakula 0.5. Betri ya ampea-saa 40 itamalizika kwa saa 80, yaani siku tatu na kidogo, na itashindwa kuzungusha stata kabla ya hapo. Sasa chomoa fyuzi moja moja ukiangalia mita. Ile ukiichomoa namba zinaanguka, mwizi yuko kwenye laini hiyo: taa ya buti, redio, traka, alamu. Kama hakuna fyuzi inayobadilisha kitu, shuku vitu vilivyoungwa moja kwa moja kwa betri, au alteneta yenyewe. Kifuniko cha fyuzi kimeandikwa Kijapani? Elekeza kamera ya simu, itakutafsiria. Hiyo simu si ya kuscroll tu.

Sasa nije kwa kitu kinachonikasirisha zaidi: fyuzi kuungua halafu mtu anaweka waya, ama ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ama anatoa ya 10 anachomeka ya 30. Ati "imetulia". Haijatulia, imenyamazishwa! Fyuzi nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30, na hizo rangi si urembo. Namba imewekwa ili fyuzi ikatike kabla waya haujapata joto. Ukiiondoa, kitu cha kuungua ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, na wewe umekaa mbele yake na mtoto yuko nyuma. Fyuzi ni kitu cha bei ya chai na mandazi. Weka yenye namba ileile. Ikikatika tena, tafuta waya uliochubuka, usiitafutie fyuzi kubwa.

Najua mtasema nawanyima mafundi riziki. Hapana. Fundi wa waya anayejua kazi ndiye wa kwanza kutoa mita mfukoni, na huyo mlipe vizuri bila kulia bei. Kuna kazi ni zake pia: waya za njano za eabegi na zile nene za rangi ya machungwa kwa haibridi, usiguse. Anayenyimwa riziki hapa ni yule wa kubahatisha, na mimi sina huruma naye.

Magari tunayonunua hapa mengi yametumika Japani, tunaruhusiwa kuingiza hadi ya miaka minane, halafu sisi tunaongeza alamu, traka, taa na redio juu ya waya zilezile. Shida za umeme zitakuja tu. Kwa hivyo siku ukiambiwa betri imekufa, usitoe simu ya kulipa kwanza. Uliza swali moja: "Umepima, ukapata ngapi?" Akikosa namba, funga boneti, tafuta fundi mwingine.