Krismasi ya Mwanza Inahitaji Ratiba ya Taka

Ifikapo Desemba 27, kizimba cha taka katika mtaa wowote wa mlimani jijini Mwanza kinaeleza jinsi sikukuu ilivyosherehekewa. Juu zimejaa chupa za plastiki za soda na maji. Chini yake kuna manyoya ya kuku, maganda ya ndizi na viazi, vichwa vya sato, viroba vya mkaa na sahani nyepesi za kutumia mara moja. Korongo wameshapasua mifuko na mbwa wamesambaza kilichobaki. Mtoto aliyetumwa na mama yake anafika na kiroba kichwani, anakosa pa kukiweka, anakiacha pembeni mwa mtaro na kurudi nyumbani.

Hapo pembeni mwa mtaro ndipo balaa linapoanzia, maana Mwanza taka haikai ilipoachwa.

Jiji hili limejengwa juu ya miamba. Igogo, Mabatini na Bugarika ni maeneo ambayo nyumba zimepanda mlima, na njia za kati yake ni vichochoro na ngazi za mawe ambavyo gari haliwezi kupita. Taka za huko hushushwa kichwani au kwa mkokoteni mpaka barabarani, ndipo zichukuliwe kupelekwa dampo la Buhongwa, kusini mwa jiji. Kazi hiyo nzima inategemea miguu na mabega ya watu. Watu hao wakipumzika siku tatu bila mpango wowote, mlima wote unabaki na uchafu wake, na Desemba ndiyo wakati wa mvua za vuli katika ukanda huu wa ziwa. Mvua ya usiku mmoja inatosha kukomba kila kilichoachwa na kukiingiza mitaroni. Mitaro inakwenda Mto Mirongo, na Mirongo, baada ya kukatiza katikati ya jiji, unamwaga kila kitu Ziwa Victoria.

Ziwa hilo ndilo linalonywewa. Maji ya bomba ya Mwanza yanavutwa kutoka ziwani, kwenye vyanzo vya Capri Point na Butimba. Samaki wa kitoweo cha sikukuu wanatoka humo humo. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa katika soko la samaki hapa Mwanza. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na chembe za plastiki tumboni. Watafiti walitaja taka za mijini na shughuli za uvuvi kuwa miongoni mwa vyanzo vinavyowezekana vya plastiki hiyo. Kwa hiyo chupa inayotupwa mtaroni siku ya Krismasi haijapotea. Inasagika taratibu na kurudi mezani ndani ya samaki.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Mtaro ulioziba hufurika, na maji yake huchanganyika na ya vyoo vya milimani, ambavyo vingi ni vya shimo. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi, Mwanza ikiwamo. Mji uliopitia hayo hauna sababu ya kuacha mitaro yake izibe katikati ya msimu wa mvua.

Mwaka huo huo wa 2015, Rais John Magufuli, mwenyeji wa Chato kando ya ziwa hili hili, alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuagiza nchi nzima ishike mafagio. Watu waliitikia, na Mwanza nayo ilifagia. Siku ile ilithibitisha kwamba sikukuu ya kitaifa inaweza kuwa siku ya usafi, serikali na wananchi wakikubaliana mapema. Lakini kalenda ina upungufu wake. Usafi wa Desemba 9 unatangulia mlo mkubwa kwa zaidi ya wiki mbili, wakati taka nyingi zinazalishwa kati ya mkesha wa Krismasi na Januari 2. Krismasi ikiangukia Ijumaa, kama ilivyo kwenye kalenda ya 2026, kaya ambayo taka zake zilizolewa mara ya mwisho Alhamisi inaweza kukaa nazo hadi Jumatatu, katika joto na mvua.

Wapo watakaosema kwamba mzoa taka naye ana familia na anastahili kula pilau na wanawe. Ni kweli tupu. Ila wauguzi wa Hospitali ya Bugando hawafungi wodi siku ya Krismasi, wala mitambo ya maji haizimwi. Huduma hizo zinakwenda kwa zamu na kwa malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe mara mbili ya mshahara wa msingi, kwa kila saa, mfanyakazi anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa. Mzoa taka anayepanda ngazi za Mabatini Desemba 26 anastahili malipo hayo, pamoja na glavu na buti. Fedha hizo zinapaswa kupangwa katika bajeti tangu mwanzo wa mwaka wa fedha, kwa sababu tarehe ya Krismasi inajulikana.

Kwingineko jambo hili limeshakuwa la kawaida. Nchini Uingereza halmashauri hutangaza mapema jinsi siku za kuzoa taka zitakavyosogezwa wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya, na kila kaya inajua itoe taka gani na lini. Mwanza haihitaji mitambo ya gharama kuiga hilo. Ina wenyeviti wa mitaa wanaofahamu kila mlango, ina makanisa na misikiti inayotoa matangazo kila wiki, na ina Radio Free Africa inayosikika kanda nzima.

Ratiba pekee haitoshi kama kila kitu kinatupwa kwenye kiroba kimoja. Wanaoikumbuka Krismasi ya soda za chupa za kioo wanajua jinsi kreti lilivyotunzwa. Mwenye duka alitaka chupa tupu au fedha ya dhamana, hivyo watoto walihesabu chupa uani kabla ya kulala na hakuna iliyoachwa mtaroni. Bia bado inauzwa hivyo. Chupa ya plastiki haina dhamana, na ndiyo sababu imejaa Mirongo. Ujerumani iliweka dhamana kwenye vyombo vya vinywaji vya kutumia mara moja tangu mwaka 2003, plastiki ikiwamo. Tanzania, iliyoweza kupiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, inaweza kufika huko pia. Wakati sheria ikisubiriwa, kila nyumba inaweza kutenga kiroba cha chupa peke yake, kwa sababu wapo wanaozinunua kwa kilo. Maganda na mabaki ya chakula yapelekwe kwa wafuga nguruwe au yafukiwe shambani. Kitakachobaki kwa gari la taka kitakuwa kidogo.

Halmashauri ya Jiji na Manispaa ya Ilemela, zinazogawana mji wa Mwanza, zina wajibu wa kisheria wa kuzoa taka. Basi zibandike ratiba ya sikukuu katika kila ofisi ya mtaa kabla ya Desemba 15, ikitaja siku ambazo gari litapita kati ya Desemba 24 na Januari 2. Zimwage vizimba vyote kabla ya mkesha, na kuongeza safari Desemba 27. Mwananchi naye alipe ada ya taka, asikilize tangazo, na abaki na kiroba chake ndani ya ua mpaka siku iliyotajwa. Mtaa ambao hautapata ratiba hiyo, wakazi wake waende kuidai kwa mtendaji wa kata kabla hawajanunua kuku wa sikukuu.