Ahadi ya kulindana: kwa nini askari wetu walikwenda Kongo?

Tangu vita vya Goma, wasikilizaji wetu wa Nyumba ya Mungu, Same na kule milimani Upare wamekuwa wakituuliza swali moja: vijana wetu wa JWTZ walifuata nini Kongo, wakati sisi hatujavamiwa?

Jibu linaanzia Dar es Salaam, Agosti 2003. Hapo nchi za SADC zilisaini mkataba wa kulindana: akishambuliwa mmoja, ni tishio kwa wote. Lakini mkataba huohuo unaiachia kila nchi iamue itasaidia kwa namna gani. Sehemu hii ya pili husahaulika.

Desemba 2023, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilianza kupeleka askari mashariki mwa Kongo kulikabili kundi la M23. Mwaka 2013 nchi hizohizo tatu, chini ya Umoja wa Mataifa, zililisaidia jeshi la Kongo kulishinda kundi hilo. Safari hii mambo yaligeuka. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliiteka Goma, na askari wa SADC wakakwama kambini.

Ugumu uko wapi?

Tanzania na Kongo ziko SADC na pia ziko Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda iko Afrika Mashariki tu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawasaidia M23, yenyewe inakanusha. Rwanda ni jirani yetu, na mizigo yake hupita bandari ya Dar es Salaam. Kongo nayo ikiwaka, wakimbizi huvuka hadi Kigoma.

Ndiyo maana tarehe 8 Februari 2025 Rais Samia aliwakutanisha viongozi wa jumuiya zote mbili Dar es Salaam, wakataka mapigano yasitishwe. Machi 13, SADC ikafunga operesheni yake.

Tunachokiona

Mkataba haukutulazimisha kuchagua kati ya kumsaidia Kongo na kuzungumza na Rwanda. Usalama wa nchi ni bunduki, lakini pia ni bandari, mpaka na ujirani.

Hata hivyo, kabla ya askari kuondoka tena, wananchi waelezwe mapema: wanakwenda kwa lengo gani, kwa muda gani, na watarudije. Mzazi aliyemtoa mwanawe jeshini hastahili kuyajua hayo baada ya mji kutekwa.